Matofali ya Lego Yamelegea? Namna ya Kuyapima, Kuyatenganisha na Kuyaosha

Habari zenu, karibuni tena. Leo mezani nina ndoo ya matofali ya Lego ambayo watoto wameyajenga na kuyabomoa mpaka mengine yamekataa kushikana. Tutayakagua moja moja, tutenge mabovu, halafu nikuonyeshe namna ya kuyabandua, maana mengi huumia wakati wa kubanduliwa.

Chukua tofali la vinundu vinane, uligeuze. Unaiona ile mirija mitatu katikati? Mtindo huo ndio ambao Godtfred Kirk Christiansen wa Billund, Denmark, aliuombea hataza tarehe 28 Januari 1958, na tofali la mwaka ule bado linaingia kwenye la leo. Kinundu kina kipenyo cha milimita 4.8. Kikiingia chini ya tofali jingine kinabanwa kati ya mrija na ukuta, plastiki inatanuka kidogo sana, kisha inang'ang'ana kurudi ilivyokuwa. Kung'ang'ana huko ndiko mshiko wenyewe. Ukuta ukipata ufa, hakuna tena cha kung'ang'ana.

Sasa tupime. Tafuta tofali zima ambalo halijachezewa sana. Hilo ndilo kipimo chetu. Libandike juu ya lile unalolishuku, inua, tikisa. Limedondoka? Usilitupe bado. Geuza, safari hii lile la mashaka liwe juu. Mara nyingi utakuta upande mmoja tu ndio mbovu: vinundu vinashika vizuri, lakini chini pamelegea.

Washa tochi ya simu ulimulike tofali kwa ndani, hivi. Sogea karibu na kioo uone. Huu mstari mwembamba unaoanzia ukingoni mwa ukuta na kupanda juu ni ufa. Na hapa kwenye kona, hii alama nyeupe kama maziwa si uchafu, usihangaike kuisugua. Plastiki imekunjwa kupita uwezo wake, na ukiikunja tena hapohapo itakatika. Kagua zaidi vipande vya kinundu kimoja na vile vyenye vishikizo. Vya rangi ya kahawia na nyekundu iliyoiva vishike kwa adabu, vina sifa mbaya ya kuvunjika hata bila kosa.

Swali ninaloulizwa sana: je, kujenga na kubomoa kwenyewe kunayamaliza? Kunayala, lakini polepole mno. Kuna jamaa aliyeunda mashine ya kuunganisha na kutenganisha matofali mawili bila kupumzika. Yalifika mara 37,112 ndipo yakaacha kushikana. Ni jozi moja tu, usiifanye sheria, ila niambie ni mtoto gani atafika huko. Kwa hiyo ukikuta tofali la mwaka juzi limechakaa, mulika utafute alama za meno. Meno, kisu cha jikoni na bisibisi, hao ndio watuhumiwa wangu.

Tuje kwenye kubandua. Kama una kile kifaa cha kutenganishia, kibandike juu ya kipande, kandamiza mpini wake, basi. Vipande viwili bapa vilivyolaliana vizuri ndivyo vinavyowapeleka watu kwenye meno. Weka kifaa kimoja juu na kingine chini, mipini ielekee upande mmoja, kisha ibane pamoja. Tazama, kimeachia. Huna kifaa? Bandika tofali refu juu yake ulitumie kama wenzo, uliinamishe taratibu. Usichomeke kitu chenye ncha kwenye ule mwanya. Kila ukifanya hivyo unakwangua ukingo, na mkwaruzo ndio mlango wa ufa. Vipande vinavyoonyesha kama kioo, usivibandike kimoja juu ya chenzake. Vingi vimetengenezwa kwa plastiki nyingine iliyo ngumu zaidi, vinang'ang'aniana, na kuvitoa ni shughuli pevu.

Kabla ya kuhukumu, osha. Vumbi na mafuta ya mikono vikijaa kwenye mirija, tofali halizami mpaka mwisho, unadhani limechakaa. Maji yawe vuguvugu, yasizidi nyuzi 40, sabuni ya vyombo kidogo, na mswaki mlaini kwa ndani. Vyenye stika na vyenye umeme visiingie majini kabisa. Usitie kwenye mashine ya kufulia, wala usikaushe kwa draya ya nywele. Asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, inayeyusha plastiki hii, iache ilipo. Yatandaze kwenye taulo kivulini, yakikauka yapime upya.

Yaliyobaki yamelegea, mimi siyatii gundi. Yajengee katikati ya ukuta mnene, ambako kazi yake ni kubeba uzito tu na majirani wanayashikilia. Yenye ufa yaweke kando kwenye kopo lake, yawe mawe ya bustani au mizigo ya lori. Yenye makali ya kukata, tupa.

Mazima yarudishe kwenye ndoo yakiwa yametenganishwa, hasa yale ya kahawia, kwa sababu yakiunganika ukuta hukaa umetanuka muda wote. Funika, weka mbali na dirisha, na kwenye gari lililoegeshwa juani usiyaache.