Ziwa tunalo, maji hatuna: mazungumzo na wanafunzi wa Goma

Karibuni, wamama, wababa na ninyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango ili mtoke mapema.

Naanza na bidoni hii. Ya njano, lita 20, zamani ilikuwa ya mafuta ya kupikia. Wewe kijana wa mbele, washa tochi ya simu uchungulie ndani. Unaona nini? Kijani. Ndiyo, ute wa kijani. Sasa msimcheke mwenye bidoni, maana nimeiazima leo asubuhi kwa jirani yangu, mama anayefagia kiwanja mara mbili kwa siku. Maji yake aliyachota bombani, yana dawa. Yakapanda shukudu, kile kigari chetu cha mbao cha magurudumu mawili, yakashuka, yakalala humu siku mbili. Yaliyofika kikombeni si yale yaliyotoka bombani.

Shirika la Afya Duniani na UNICEF walihesabu kwamba mwaka 2022 watu bilioni 2.2 duniani hawakuwa na maji ya kunywa yenye usalama wa kutosha. Kipimo chao ni kwamba maji yawe nyumbani, yapatikane unapoyahitaji, tena yasiwe na uchafu wala vijidudu. Bidoni ya jirani yangu imeanguka mitihani yote mitatu, na hapa tuko hatua chache tu kutoka Kivu, ziwa linalofika mita 480 kwenda chini. Nchi yetu ya Kongo ina karibu nusu ya maji ya Afrika yaliyo juu ya ardhi, yale ya mito na maziwa. Mtu wa jangwani akikwambia ana kiu unamwelewa. Sisi tutamwambia nini?

Goma imekaa juu ya lava. Mvua ikinyesha inazama papo hapo, ndiyo maana hatuna hata kijito kimoja kinachokatiza mji. Ukitaka kuchimba choo, nyundo inaruka, shimo linaishia mita mbili, na yaliyomo yanapita kwenye nyufa yaende yanakotaka. Kwa hiyo maji yetu yako chini ziwani, watu wako juu kuelekea mlimani, na kuyapandisha kunataka umeme au mazutu, yaani dizeli. Mwaka 2021, tarehe 22 mwezi wa tano, volkano yetu ya Nyiragongo ilipotema moto, mabomba na tangi vikaharibika, watu karibu nusu milioni wakabaki bila maji. Mwezi wa kwanza 2025, vita vilipoingia mjini na umeme ukakatika, pampu zilinyamaza. Mliona wenyewe foleni ya bidoni ufukweni.

Wazee mliopo hapa mnakumbuka mwezi wa saba 1994. Wakimbizi kutoka Rwanda walipita hapa kwa mamia ya maelfu, wakakosa maji, wakanywa walichokipata. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapata 50,000, wengi kwa kolera na kuhara. Kisha malori ya maji yakaanza kupanda Kibumba, kwenye kambi ya wakimbizi, klorini ikaja, vifo vikashuka. Mimi huwa nakaa sana kwenye jambo hilo. Ujuzi ulikuwapo tangu zamani. Kilichochelewa ni lori.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema dunia inangoja uvumbuzi mpya wa kusafisha maji, nanyamaza tu. Klorini kidogo, ukaisubiri nusu saa, inaua kolera. Kuchemsha kunaua, ila makala, yaani makaa ya kupikia, yana bei. Hata chupa ya plastiki angavu, ukiijaza maji yasiyo na tope na kuilaza juani kwa muda wa saa sita, inasaidia. Jambo moja tu niwaonye: maji ya chemchemi za huku kwenye volkano mara nyingi yana floridi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Hiyo haiondoki kwa klorini wala kwa moto. Ukiichemsha, maji yanapungua, yenyewe inabaki.

Tunayoikosa ni pesa ya siku pampu inapokufa. Kusini mwa Sahara, kama pampu moja kati ya nne za mkono imesimama wakati wowote utakaopita. Wengi wanajua kujenga. Siku ya kufungua kuna ngoma, utepe, picha. Siku ya kubadilisha mpira wa pampu hakuna anayeleta kamera.

Nieleze ya kwetu. Kwenye kartie, mtaani kwetu, tulipata bomba la mtaa, pampu, tangi na kibanda. Kila bidoni franka 50. Tukachagua kamati, tukamwajiri mama mmoja wa kufungua na kufunga. Baada ya mwaka na miezi kidogo pampu ikaanza kulia, kisha ikakataa. Fundi akaifungua palepale chini, akatoa kimpira kilichochanika, kipana kama kiganja cha mtoto. Akataja bei. Tukafungua kasha la pesa.

Wiki tatu tukarudi ziwani. Hesabu yake ni hii: nyumba ya watu sita, kila mmoja lita 50 kwa siku, ni lita 300, bidoni 15. Kila bidoni kilo 20. Hakuna nyumba iliyoleta 15. Wakaleta nne, tano, na waliobeba ni wasichana, wakifika darasani saa tatu. Mtoto wa nyumba ya pili akalazwa kwa kuhara. Alipona.

Mmoja wenu ameandika swali kwenye karatasi hapa: «Pesa zililiwa na nani?» Nilijua litakuja. Hazikuliwa. Mazutu ilinunuliwa, mama wa bomba alilipwa, msiba wa mlinzi tulichangia, viti vya kikao tulikodi. Kila franka imeandikwa. Daftari lenyewe ni hili, nimelileta, lipitisheni mkono kwa mkono. Safu ya mwisho kulia imeandikwa «matengenezo». Teremkeni nayo ukurasa kwa ukurasa, miezi yote: sufuri, sufuri, sufuri. Na mwandiko huo msiutafute mbali. Karani wa kamati nilikuwa mimi.