Gari Linapogonga Miguuni: Uliza "Lini" Kabla ya Kuuliza "Wapi"

Hamjambo ndugu zangu madereva, nanyi vijana wangu wa gereji. Ahsanteni kwa kuacha kazi asubuhi hii, maana najua kila saa ni hela.

Nianze na kosa langu. Miaka mingi iliyopita mteja aliniletea Corolla, akasema linagonga mbele kushoto. Nikachungulia, nikaona shokapu imevuja mafuta, nikamwambia anunue mbili. Akanunua, nikafunga. Kesho yake asubuhi akarudi na mlio uleule: ngo, ngo, ngo. Nilipovua tairi nikakuta boliti moja ya kalipa, yaani kibano cha breki kinachobana pedi kwenye diski, imelegea, kalipa inacheza kila gari likiingia shimoni. Shokapu ilikuwa imevuja kweli, lakini mlio haukuwa wake. Hela ya ufundi nilimrudishia. Hela ya spea ilikuwa imeshakwenda. Na boliti ile ingetoka njiani, kalipa ingejigonga kwenye ringi huku mtu yumo na watoto wake. Tangu siku hiyo sinunulishi mtu spea mpaka ule mlio nimeuita ukaja, nimeuzuia ukanyamaza.

Dereva akija gereji huanza na neno "wapi". Kushoto, mbele, chini ya miguu yangu. Namheshimu, lakini siamini. Bodi ya gari dogo ni mabati yaliyoungwa yakawa kitu kimoja, na ndani ya chuma sauti hukimbia zaidi ya mita 5,000 kwa sekunde, wakati hewani ni kama 340 tu. Kitu kinagonga nyuma kulia, wewe unakisikia mbele. Kwa hiyo mimi nauliza "lini". Ukikanyaga breki? Ukikata kona? Ukipanda tuta? Ukitoa gia ya kurudi nyuma ukaweka ya mbele? Ukinijibu hilo vizuri, nusu ya kazi imekwisha.

Kabla ya yote, toa kila kitu kwenye buti. Jeki, spana, tairi la akiba, galoni ya maji. Halafu kaza nati za tairi zote. Nimeona watu wameshusha mguu mzima, yaani shokapu, springi na mikono inayoshika tairi, kumbe jeki ndiyo ilikuwa inarukaruka.

Sasa breki. Tafuta barabara ya vumbi yenye vishimo vidogo, nenda kilomita 20 kwa saa. Mlio ukianza, gusa breki kidogo sana, kiasi cha pedi kushika diski bila gari kupunguza mwendo. Mlio ukikatika, na ukirudi ulipoachia, usiende dukani kuuliza bei ya shokapu. Kinachogonga kiko kwenye breki: pedi zimelegea kwenye nyumba yake, au pini ambazo kalipa huteleza juu yake zimelika, au boliti, kama ile ya kwangu.

Pedi hukaa juu ya vibati vyembamba, vile tunavyoviita klipu. Kazi yake ni kuibana pedi isicheze. Vijana, nawaomba sana: acheni kuvitupa. Fundi anavua pedi kuukuu, anaona klipu zina kutu, anazirusha pembeni, anafunga pedi mpya bila kitu. Wiki moja baadaye gari linagonga, na mwenye gari anaambiwa eti ni barabara mbovu. Kama zimekufa, mwambie anunue seti mpya. Kama zinafaa, zisugue kwa brashi ya waya uzirudishe.

Kuna mlio mwingine wa breki unaowachanganya wengi. Unarudi nyuma kutoka kwenye maegesho, unaweka gia ya mbele, breki ya kwanza inatoa "ko!" moja. Breki ya pili kimya, ya tatu kimya, mpaka urudi nyuma tena. Hiyo ni pedi inayohama kutoka ukingo mmoja wa nyumba yake kwenda mwingine. Lakini kama kila breki ya nguvu inagonga, na ukiachia inagonga tena, hapo chungulia bushi za wishboni, yaani mipira ya ule mkono wa chini unaoshika tairi. Mpira umepasuka, mkono wote unakwenda nyuma na kurudi.

Matuta sasa. Mkipita kwenye rasta tairi moja moja, na mkasikia kokoko ndogo za haraka haraka, shukieni kwanza stebilaiza linki, vile vijiti vinavyounganisha mguu na chuma cha stebilaiza. Mtazijua hivi: pandeni tuta kwa tairi zote mbili za mbele kwa pamoja. Chuma cha stebilaiza, kinachounganisha mguu wa kushoto na wa kulia, kinafanya kazi pale upande mmoja unapopanda na mwingine unabaki chini. Pande zote zikipanda sawasawa hakipindi, na mlio wa linki hupungua sana au hupotea. Ukitaka uhakika, fungua linki zote mbili, zitoe kabisa, uendeshe polepole mtaani. Ukimya ukija, umempata.

Ukigeuza usukani gari limesimama ukasikia springi inaruka "dang!", mtu mwingine aishike springi kwa kiganja kwa nje. Ikiwa inakwama kisha inajiachia, ni beringi ya mauntini ya shokapu, kule juu inakoshikwa na bodi.

Hapa naomba simu ziwekwe chini. Vitz, IST, Corolla na magari mengine mengi madogo ya Japani yana mguu wa mbele wa aina aliyoibuni mhandisi Mmarekani Earle S. MacPherson miaka ya 1940. Shokapu yenyewe ndiyo nguzo, mkono wa juu haupo. Maana yake chini kuna boljointi moja tu kila upande, kile kiungo cha duara kinachounganisha tairi na wishboni. Ikichomoka, tairi linalala na usukani haukusikii tena. Inua bodi kwa jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi ya tairi. Ukibaki, ni boljointi, na gari hilo halitoki gereji siku hiyo hata mwenyewe akisema ana safari ya msiba. Mpe nauli ya basi ikibidi. Shika kushoto na kulia nako utikise. Likicheza huko, ni tairodi, ile fimbo inayogeuza tairi, au mwisho wa raki, chuma cha usukani kinachoisukuma, na hilo nalo si la kuahirisha.

Jambo la mwisho ni la vijana. Ukifunga bushi mpya za wishboni, usikaze boliti wakati tairi linaning'inia. Ukizikaza hivyo, gari likishuka chini mpira unabaki umesokotwa saa zote, na baada ya muda mfupi unachanika. Mteja atasema spea ilikuwa feki. Zifunge kwa mkono tu kwanza, shusha gari, litikise likae sawa, ndipo uingie chini ukaze.

Nje kuna IST ya mwenzetu mmoja, imepumzika juu ya stendi, na mbele inagonga. Sijaigusa. Mwenye gari aje hapa atueleze inagonga lini, na kijana mmoja akae kwenye pedali ya breki. Twendeni.