Kwa Mtoro Iko Wilaya Gani? Mazungumzo Kuhusu Folda, Maneno Muhimu na Picha za Miaka Mingi

NEEMA: Mwalimu, wasikilizaji wetu wanakumbuka kwamba tuliwaahidi masomo matatu leo: kuzipa folda majina, kuandaa orodha ya maneno muhimu, yaani yale maneno ya kutafutia yanayoandikwa ndani ya picha, na kutunza nakala. Naomba tuanze na jambo lililonifika Jumanne, kwa sababu linayagusa yote matatu. Alikuja kwenye studio yetu ya picha kijana mmoja kutoka Kwa Mtoro, akaniambia kwamba bibi yake amefariki na ukoo hauna picha yake inayofaa kuwekwa kwenye fremu, ila wanakumbuka kwamba marehemu baba yangu mdogo, aliyekuwa mpiga picha, alimpiga picha kwenye harusi ya mjukuu wake mwaka 2009.

SALIMU: Tunampa pole yeye na ukoo wake wote. Ulianzia wapi kutafuta?

NEEMA: Nilianzia pale ambapo mtu yeyote angeanzia leo. Kijana alijitambulisha kuwa ametoka Wilaya ya Chemba, kwa hiyo niliandika Chemba kwenye sehemu ya kutafutia, na haikutokea picha hata moja ya mwaka huo. Niliandika Kwa Mtoro, zikatokea chache za miaka ya karibuni, kwa sababu zamani baba mdogo alikuwa akiandika wilaya bila kijiji. Nilipoandika Kondoa zilitokea picha zisizo na idadi: michoro ya miambani ya Kolo, minada ya ng'ombe, mahafali, vikao vya kata, misiba. Tuliokolewa na folda. Kijana alikumbuka kwamba harusi ilifanyika baada ya mavuno, kwa hiyo tuliingia kwenye mwaka 2009, tukaanzia mwezi wa sita, tukafungua harusi moja baada ya nyingine mpaka tukamwona bibi amekaa kwenye mkeka, ameshika kikombe na anacheka. Kijana alinyamaza kwa muda mrefu sana.

SALIMU: Alhamdulillahi. Folda zilifanya kazi kwa sababu baba yako mdogo aliandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, na vistari katikati: 2009-07-11. Kompyuta hupanga majina kwa kusoma kuanzia kushoto, hivyo anayetanguliza siku atakuta tarehe 11 za miezi yote zimekaa pamoja, na Januari ya mwaka huu imechanganyika na Januari za miaka iliyopita. Mpangilio huo ni wa kiwango cha kimataifa, ISO 8601, kilichotolewa mwaka 1988, na mtu akiufuata folda zake hujipanga zenyewe bila yeye kusogeza chochote.

NEEMA: Tena aliiweka tarehe hiyo hata kwenye jina la kila faili, jambo ambalo wapiga picha wengi hawalifanyi. Kamera huzipa picha majina kama DSC_0001, huhesabu mpaka 9999, kisha huanza upya. Mtu aliyepiga picha kwa miaka kumi ana picha nyingi tofauti zenye jina moja, na siku atakapozikusanya kwenye folda moja, kompyuta itamuuliza kama iweke hii mahali pa ile. Akibonyeza kwa haraka, picha moja imepotea.

SALIMU: Hilo ni kweli. Hata hivyo, folda ina mpaka ambao hakuna jina litakaloweza kuuvuka. Faili hukaa kwenye folda moja. Picha ya bibi ni ya harusi, ni ya ukoo ule, ni ya Kwa Mtoro, ni ya wazee, ni ya mavazi ya wakati ule, na mtafiti wa mavazi hatakuwa na tarehe ya kumwongoza. Neno muhimu huiruhusu picha moja kuitwa kwa majina mengi bila kunakiliwa. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema kwamba folda nzuri zinatosha.

NEEMA: Hapo tuko pamoja. Tofauti yetu itaanzia kwenye neno la mahali, na nimelifikiria tangu Jumanne. Mwaka 2009 hapakuwa na Wilaya ya Chemba. Ilianzishwa mwaka 2012 ilipomegwa kutoka Kondoa. Baba mdogo aliandika Kondoa, na siku ile Kwa Mtoro ilikuwa Kondoa. Mwanangu ananisaidia kuzipitia diski zenye picha za baba mdogo, naye ameniuliza kama abadilishe picha zote za Kwa Mtoro zisome Chemba. Nimemkataza.

SALIMU: Mimi ningemruhusu leo hii.

NEEMA: Nilijua.

SALIMU: Nisikilize, dada Neema. Neno muhimu lipo kwa ajili ya mtu anayetafuta. Kijana yule alikuja na neno Chemba mdomoni kwa sababu ndilo lililo kwenye barua za serikali anazozijua, na wadogo zake waliozaliwa baada ya 2012 hawajawahi kuishi katika wilaya nyingine. Nilipokuwa maktaba, kitabu kilichoorodheshwa chini ya jina ambalo wasomaji hawalitumii tena kilikuwa sawa na kitabu kisichokuwepo, hata kama jina lile lilikuwa sahihi siku kilipochapishwa. Historia ya mipaka iandikwe kwenye maelezo ya picha, kwa sentensi kamili: hapa ni Kwa Mtoro, wakati huo ikiwa Wilaya ya Kondoa. Neno muhimu liwe la leo.

NEEMA: Maelezo hayasomwi, Mwalimu, na maneno muhimu husafiri. Picha ikiwa na neno Chemba na tarehe ya 2009, mhariri wa gazeti ataandika chini yake "Wilaya ya Chemba, 2009", na msomaji atapewa wilaya ambayo haikuwepo. Watu wa huku wanalijua jambo hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu kuna nyaraka, kesi za ardhi na makaburi yanayotegemea nani alikuwa chini ya nani mwaka gani. Picha ni ushahidi, nami sitaki kuubadilisha ushahidi ili kumrahisishia kazi anayeutafuta.

SALIMU: Ushahidi uko kwenye picha na kwenye tarehe. Wilaya ni anwani tu.

NEEMA: Anwani ya siku ile ni sehemu ya tarehe.

SALIMU: Basi tuifuate hoja yako mpaka mwisho. Dodoma Vijijini iligawanywa mwaka 2007, zikapatikana Bahi na Chamwino. Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002, na Katavi ukatoka Rukwa mwaka 2012. Kwa kanuni yako, anayetafuta picha za Babati atapata nusu chini ya Arusha na nusu chini ya Manyara, na lazima ajue mwaka wa mgawanyo kabla hajaanza kutafuta. Unamtaka mtafutaji awe mwanahistoria kwanza.

NEEMA: Ninamtaka aandike Babati. Kijiji na mji havihami, na ndiyo maana kosa lile la kutafuta lilitokana na kukosekana kwa jina la kijiji zaidi ya wilaya. Kanuni yangu kwa mwanangu ni kwamba kila picha iwe na jina la mahali padogo kabisa panapojulikana, kisha wilaya na mkoa kama ilivyokuwa siku ya kupigwa.

SALIMU: Hata majina ya mahali padogo hayatoshi peke yake. Chukua Chamwino. Iko Chamwino hapa mjini Dodoma, na iko Wilaya ya Chamwino ambako Ikulu ipo. Neno hilo likisimama peke yake litakuletea zote mbili, kwa hiyo lazima lishikwe na la juu yake, na la juu yake ndiyo wilaya tunayobishania.

NEEMA: Hapo umesema kweli kabisa, na sisi tunaandika Chamwino mjini kwa ile ya jijini.

SALIMU: Sasa niwaeleze wasikilizaji kwa nini njia yangu ni nyepesi kuliko inavyosikika. Programu nzuri za kupanga picha, ikiwemo digiKam ambayo haiuzwi, huruhusu maneno muhimu kupangwa kwa ngazi: Tanzania, chini yake Dodoma, chini yake Kondoa, chini yake Kwa Mtoro. Wilaya ikigawanywa, unalihamisha neno Kwa Mtoro mara moja tu kutoka Kondoa kwenda Chemba, na picha zote zilizo chini yake zinafuata. Huna haja ya kuifungua moja moja.

NEEMA: Zinafuata zile zilizo ndani ya programu yako, kwenye diski iliyochomekwa siku hiyo. Zile ulizowapa wana ukoo, zile zilizo kwenye diski ya akiba kabatini, na zile zilizoko gazetini zinabaki na neno la zamani. Baada ya mgawanyo wa pili utakuwa na nakala tatu za picha moja zinazosema mambo matatu. Kanuni yangu huandikwa mara moja, na haitakuwa ya uongo hata wilaya zikigawanywa tena.

SALIMU: Itakuwa ya kweli na haitapatikana.

NEEMA: Wapo watakaouliza kwa nini tusiweke yote mawili, Kondoa na Chemba.

SALIMU: Mimi sitaki, kwa sababu anayetafuta Kondoa ataletewa Chemba yote, na baada ya migawanyo michache picha moja itabeba msururu wa wilaya usiomsaidia mtu.

NEEMA: Nami sitaki, kwa sababu nilizozitaja: mhariri atachukua lililo jipya. Angalau tunakataa kitu kimoja kwa pamoja.

SALIMU: Kuna jambo linaloweza kusaidia. Baraza la kimataifa linaloitwa IPTC, lililoanzishwa na mashirika ya habari mwaka 1965, liliweka nafasi maalumu za taarifa ndani ya faili la picha, mbali na maneno muhimu. Nafasi moja ni ya mahali mpiga picha aliposimama, na nyingine ni ya mahali panapoonekana kwenye picha. Ukisimama upande wa Iringa kwenye bwawa la Mtera na kupiga ng'ambo ya Dodoma, sehemu hizo mbili zinajazwa tofauti. Wilaya ya siku ile ingeweza kukaa kwenye nafasi hizo, na maneno muhimu yakabaki huru kufuata matumizi ya leo.

NEEMA: Ninazijua nafasi hizo na ninazijaza. Lakini mtu wa kawaida akifungua picha kwenye simu yake haoni chochote kati ya hivyo, na programu nyingi hazitafuti humo. Linalomfikia ni neno muhimu, nalo ndilo unalotaka lisahau mwaka 2009.

SALIMU: Ninataka limkumbuke mtu wa leo. Vilevile kuna majira ya nukta, yale ambayo simu huandika ndani ya picha kwa latitudo na longitudo. Hayo hayajui wilaya wala mkoa, na hayabadiliki serikali inapochora mipaka upya.

NEEMA: Kamera za baba mdogo za mwaka ule hazikuwa nayo. Picha tulizozichukua kutoka kwenye filamu kwa skana ndizo mbaya zaidi, kwa sababu skana huandika ndani ya faili siku ya kuskani, na picha ya zamani inajitokeza kama ya juzi. Kwa hizo tunaandika tarehe ya kweli kwa mkono kabla hazijaingia kwenye folda yoyote, na kama hatuijui siku tunaishia kwenye mwezi au mwaka. Kukisia siku ni vibaya kuliko kuiacha.

SALIMU: Nakubali. Basi kwa nini hukubali kwamba kukisia neno la mtafutaji...

NEEMA: Sikisii, Mwalimu. Mwaka 2009 ilikuwa Kondoa.

SALIMU: Na leo ni Chemba, na anayetafuta anatafuta leo.

NEEMA: Fundi mitambo ananionesha kwamba tumebakiwa na dakika chache. Orodha ya maneno muhimu hatukuigusa, na nilikuwa nimeiandaa vizuri.

SALIMU: Sema lile la harusi, kwa sababu ndilo linalowasumbua wengi.

NEEMA: Chagueni namna moja ya kuandika. Kama ni harusi, isiwe arusi kwenye picha nyingine. Kama ni mbuyu, isiwe mibuyu, kwa sababu programu haijui kwamba ni kitu kimoja, na mara nyingi atakayetafuta kwa umoja hataletewa wingi. Andikeni orodha hiyo kwenye karatasi na muibandike karibu na kompyuta. Ya nakala itabidi tuiahirishe.

SALIMU: Liko swali la msikilizaji wa Mpwapwa, anayeuliza kama afute picha zinazofanana kabla ya kuanza kupanga. Jibu langu ni asifute. Apange kwanza, aweke maneno, ahakikishe yameandikwa ndani ya faili lenyewe na si kwenye kumbukumbu ya programu peke yake, maana siku atakapobadilisha programu yale ya kwenye programu hayatamfuata. Baada ya hapo ndipo atajua ipi ni nakala na ipi ni picha ya sekunde iliyofuata ambapo mtu alifumbua macho.

NEEMA: Na wale wanaotaka kututumia picha za zamani za Dodoma, Kondoa, Singida na kwingineko, tafadhali zitumeni kwa WhatsApp kama hati, si kama picha ya kawaida, kwa sababu kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na huondolewa taarifa za ndani, pamoja na tarehe. Andikeni pia jina la kijiji na majina ya watu mnaowatambua, kuanzia kushoto.