Na ataje haja yake: mhadhara kwa akina mama kuhusu istikhara

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi wanangu mlioketi kule nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele, mkeka bado una nafasi. Alhamdulillah, alasiri tumeshaiswali, na mpaka magharibi tuna muda wa kutosha.

Wiki iliyopita mmoja wenu alinifuata baada ya darsa, akanivuta pembeni. Akaniambia, "Bi Mwalimu, nina jambo langu nataka kumwomba Mwenyezi Mungu, ila naona haya. Ni jambo la dunia tu. Si bora niombe Pepo, na haya mengine Yeye mwenyewe anayajua?" Siku ile nilikuwa na haraka, nikamjibu juu juu. Nimerudi nyumbani swali lake likanikaa kifuani. Kwa hiyo leo nimekuja kumjibu yeye, na nyinyi wote mtusikilize.

Amepokea Imam Bukhari kutoka kwa Jabir bin Abdillahi, Mwenyezi Mungu awawie radhi yeye na baba yake, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwafundisha masahaba istikhara, yaani kumwomba Mwenyezi Mungu akuchagulie lililo kheri, katika mambo yote, kama alivyokuwa akiwafundisha sura ya Qur'ani. Yaani herufi kwa herufi, mpaka mtu aishike. Na huyu Jabir anayetusimulia mnamjua? Ni kijana ambaye baba yake aliuawa shahidi katika vita vya Uhud, akamwachia madeni na dada zake wa kuwalea. Akaoa mwanamke mtu mzima aliyekwisha kuolewa kabla, na Mtume alipomuuliza mbona hakuoa mwanamwali, akasema alitaka mtu wa kuwasimamia wale dada zake. Hadithi hii imetufikia kupitia kwa mtu aliyekuwa na nyumba nzima inamtazama machoni.

Anasema Mtume: mmoja wenu akikusudia jambo, aswali rakaa mbili zisizokuwa za faradhi, kisha aseme: Ewe Mwenyezi Mungu, nakuomba unichagulie lililo kheri kwa elimu Yako, na nakuomba uwezo kwa uwezo Wako, na nakuomba katika fadhila Zako kubwa. Hakika Wewe unaweza nami siwezi, Wewe unajua nami sijui, nawe ndiye Mjuzi wa ghaibu. Ewe Mwenyezi Mungu, ikiwa unajua kuwa jambo hili ni kheri kwangu katika dini yangu na maisha yangu na mwisho wa mambo yangu, basi nikadirie, unifanyie jepesi, kisha unibarikie. Na ikiwa unajua kuwa jambo hili ni shari kwangu katika dini yangu na maisha yangu na mwisho wa mambo yangu, basi liepushe nami, na uniepushe nalo, na unikadirie kheri popote ilipo, kisha uniridhishe nayo.

Halafu hadithi inamalizia kwa maneno manne tu ya Kiswahili: *na ataje haja yake*.

Hapo ndipo jibu la dada yangu lilipo. Mtume hakusema Mola anajua, nyamaza. Kasema itaje. Ni posa ya fulani bin fulani? Itaje. Ni kile kiwanja cha kule juu? Kitaje. Ni safari, ni kuhama nyumba, ni kuchukua mkopo wa kikoba ufungue genge? Taja. Wazee wetu walisema mficha uchi hazai, nasi kina mama tunaijua maana yake kuliko mtu mwingine yeyote. Kwa mkunga hakuna stara ya kujifanya. Sasa mbele ya aliyekuumba, unamficha nini?

Mtazameni Zakariya, amani iwe juu yake. Sura ya 19, Maryam. Mzee, nabii, amekwisha kuliona kaburi lake kwa mbali. Alimwita Mola wake kwa siri, na siri yenyewe ilikuwa wazi kama mchana: mifupa yangu imedhoofika, kichwa kimejaa mvi, mke wangu ni tasa, nipe mrithi. Hata mke wake kamtaja. Hakusema maneno makubwa ya kuzunguka. Na katikati ya maombi akasema neno ambalo mimi kila nikilisoma hunisimamisha: wala sijawahi, Mola wangu, kukosa bahati katika kukuomba Wewe. Mtu huyu alikuwa na historia na Mola wake. Alikwisha kumwomba vingi huko nyuma, bila shaka na vidogo vidogo. Mwenye kusubiri mpaka apate jambo kubwa ndipo apige hodi, hodi yenyewe huwa ngeni mkononi mwake.

Kuna faida nyingine ya kutaja, nayo nimeijua kwa kufundisha. Ukitakiwa uitaje haja yako, lazima kwanza uijue. Wangapi tunainua mikono hatujui tunataka nini? Unasema nataka kheri kwenye posa hii, kumbe unachotaka ni majirani waache kukusema. Unasema nataka biashara, kumbe unataka wifi yako aone. Mbele ya Mola, ukilazimika kusema kwa ulimi wako "nataka duka ili wifi yangu aone", maneno yatakukwama kooni. Hapo umeshafaidika hata kabla hujamaliza dua.

Sasa niseme juu ya jambo linaloniuma. Huku kwetu pwani istikhara tumeigeuza ramli. Mtu anaswali, analala, asubuhi anaamka anatafuta ndoto. Nimeota kijani, ni kheri. Nimeota nyekundu, nimkatae. Sijaota kitu, niswali tena. Wengine hawaswali kabisa, wanakwenda kwa mtu awafungulie kitabu, awatazamie nyota, na huko nako wanakuita istikhara. Rudini kwenye hadithi niliyowasomea. Ndoto iko wapi? Rangi iko wapi? Haimo. Hadithi inasema umekusudia jambo, unaswali, unaomba, na ombi lenyewe ni kwamba likiwa kheri liwe jepesi na likiwa shari liondolewe. Kwa hiyo ukimaliza unavaa kanga yako unakwenda kulifanya lile jambo, na macho yako yanatazama mlango unafunguka au unafungwa.

Wanazuoni walizungumza hapa. Imam Nawawi alisema baada ya istikhara mtu afuate lile ambalo kifua chake kimelikunjukia, na akatahadharisha asitegemee mapenzi aliyokuwa nayo tangu kabla ya kuswali. Al-Izz bin Abdis-Salam, aliyemtangulia kidogo, yeye alisema mtu afanye litakalomtokea, kwani amekwisha kumkabidhi Mola. Mimi kwa uzoefu wangu huwaelekeza watu kwa kauli ya al-Izz, kwa sababu vifua vyetu vina hila nyingi.

Na hila ya kifua nitawaonyesha kwa mtu wa zamani. Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa na mishale ya kupigia kura, ambayo Qur'ani imeiharamisha katika sura ya Maida. Mtu akitaka safari au ndoa, anatikisa mishale anachomoa mmoja, umwambie fanya au usifanye. Mtume alipohama kutoka Makka kwenda Madina, Makureshi waliahidi ngamia 100 kwa atakayemleta. Suraqa bin Malik akapanda farasi akamfuata Mtume na sahaba wake Abu Bakr. Farasi akajikwaa, Suraqa akaanguka. Akatoa mishale yake akapiga kura: niwadhuru au nisiwadhuru? Ukatoka asioutaka. Mwenyewe anasimulia katika Bukhari: nikaiasi ile mishale, nikapanda farasi wangu. Akaendelea mpaka miguu ya mbele ya farasi ikazama ardhini hadi magotini. Akapiga kura tena, ukatoka ule ule asioutaka. Ndipo akaita kuomba amani.

Mama zangu, Suraqa aliuliza akiwa ameshaamua. Ngamia walikuwa wameshaingia kichwani. Na sisi tuliopewa kitu bora kuliko mishale, je, hatufanani naye? Mtu ameshalipa mahari nusu, kadi za mwaliko zimeshagawiwa, ndipo anakuja, "Bi Mwalimu, nifundishe istikhara."

Mlinganisheni na Bibi Zaynab bint Jahsh. Eda yake imekwisha, Mtume (s.a.w.) anamtuma mtu ampelekee posa. Mjumbe anamkuta anakanda unga. Anampa bishara: Mtume wa Mwenyezi Mungu amenituma kukuposa. Niambieni, posa gani duniani inaizidi hiyo? Nani angehitaji kufikiri? Yeye, mikono ina unga, akajibu: sitafanya lolote mpaka nimtake shauri Mola wangu. Akainuka akaenda mahali pake pa kuswalia. Hadithi hii iko katika kitabu cha Imam Muslim, na Imam Nasai katika kitabu chake aliiwekea mlango wake maalumu, wa mwanamke anayeswali na kumtaka Mola wake kheri anapoposwa. Basi akija wakala wa kazi Uarabuni na kukwambia jibu linatakiwa leo leo, kesho nafasi itakwenda kwa mwingine, mkumbuke Zaynab. Kama posa ya Mtume ilingoja rakaa mbili, huyo wakala naye angoje.

Na kwa kuwa nimeitaja safari, niongeze hili moja. Istikhara haikusomei mkataba. Aya inasema shauriana nao katika mambo, na ukishaazimia mtegemee Mwenyezi Mungu. Sura ya 3, aya ya 159. Binti anayekwenda Oman aulize mshahara ni kiasi gani, nani atashika pasipoti yake, nyumba ina watu wangapi, simu ataruhusiwa. Awaulize waliorudi, siyo waliosifiwa tu kwamba wamejenga. Kisha aswali. Kuuliza watu na kumuuliza Mola havigombani.

Yapo maneno mengine katika dua ile ambayo nilikuwa nayapita haraka kwa miaka mingi. *Liepushe nami, na uniepushe nalo.* Nilidhani ni kitu kimoja kimesemwa mara mbili. Acheni niwahadithie yaliyonipata.

Zamani, watoto wangu wakiwa wadogo, nilitaka kufungua duka la vitenge. Nikapata fremu sokoni, mahali pazuri, watu wanapita asubuhi na jioni. Nikazungumza na mwenye fremu, tukaelewana kodi na kilemba. Pesa nilikuwa nazidunduliza. Nikaswali istikhara, siyo siku moja, nikaitaja ile fremu kwa mlango wake na rangi yake. Siku ninayokwenda na pesa kwenye mkoba, nakuta ameshapewa mtu mwingine, usiku wa kuamkia siku ile. Kwa Mola, jibu lilikuwa wazi. Limeepushwa nami.

Lakini mimi sikuepushwa nalo. Nilipita njia ile karibu miaka miwili nikihesabu wateja wa mwenzangu. Nilikuwa nikimaliza kuswali najikuta nawaza angeuza kiasi gani leo. Fremu iliondoka mikononi ikabaki moyoni, na mtu mwenye fremu moyoni halali. Siku moja, wala hapakuwa na tukio lolote, nimekaa nasoma dua ile kwa jambo jingine kabisa la mtoto, nikafika hapo: *na uniepushe nalo*. Kisha mwisho: *kisha uniridhishe nayo*. Nikalia. Nilikuwa nimeomba nusu ya dua. Nusu ya pili nilikuwa nikiitamka tu.

Mtataka kuniuliza, je, baadaye ulipata duka zuri zaidi? Sikupata. Sikufungua duka mpaka leo. Ile kheri iliyokuwa "popote ilipo" sijui ilikuwa wapi. Pengine ni shari niliyokingwa ambayo sitaiona mpaka Siku ya Kiyama. Sitawadanganya kwa kuwatungia mwisho mtamu. Nilichopewa ni kwamba napita njia ile sasa, nanunua kitenge kwa yule dada, na tunasalimiana.

Nina vikaratasi vyenu vya maswali hapa, nijibu viwili vitatu kabla ya adhana.

Aliye katika siku zake afanyeje? Swala hatoswali, dua ataisoma. Imam Nawawi amesema asiyeweza kuswali aombe kwa dua. Msikose mlango kwa siku saba.

Dua sijaihifadhi kwa Kiarabu. Isome kwenye karatasi baada ya salamu, na ukiimaliza zungumza na Mola wako kwa Kiswahili chako. Lakini jitahidi kuihifadhi, kwani ilifundishwa kama sura. Na jambo la faradhi halina istikhara, la haramu halina. Usiswali rakaa mbili kuuliza kama uchukue riba.

Hiki cha mwisho kimeandikwa kwa mwandiko wa binti, naona: "Nimeposwa. Mama anasema ameshaniswalia istikhara na jibu limekuja, nikubali. Mimi nafanyaje?"

Mwanangu, hadithi inasema *mmoja wenu akikusudia jambo*. Atakayeingia nyumba ile ni wewe, basi rakaa mbili ni zako. Mama yako akuombee dua usiku na mchana, na dua ya mama haina pazia. Naye ana istikhara yake mwenyewe, kwamba ampokee mkwe huyu au asimpokee, na neno lake mpe uzito wake kwa sababu anakujua. Lakini mwambie kwa adabu, "Mama, nipe usiku huu." Na mama, kama uko hapa, mpe. Bibi Zaynab alipewa.

Usiku huu, siyo sasa hivi, kwani baada ya alasiri hatuswali sunna mpaka jua lizame. Ukiamka theluthi ya mwisho ndiyo bora. Mtaje jina lake na la baba yake.

Haya, muadhini anasafisha koo. Wenye udhu wapange safu, wasio na udhu birika ziko kule nyuma.