Mhuri wa mzee Honda

Jamani asanteni, kaeni, wale wa nyuma sogeeni huku mbele viti vipo. Nimeombwa niongelee matajiri wakubwa walianzaje, na najua wengi mmekuja mkitegemea niwatajie watu kumi, mi leo naomba nikae na mmoja tu, maana jina lake mnalo mdomoni kila siku ila mwenyewe hamumjui. Honda. Kwetu utotoni Honda haikua jina la mtu kabisa, ilikua pikipiki ya bwana shamba, ukisikia mlio unapanda kilima unajua leo kuna mkutano wa pamba, na hata ikija pikipiki ya kampuni nyingine tuliiita honda hivyo hivyo. Kumbe ni mtu, Soichiro Honda, kazaliwa 1906 kijijini karibu na mji wa Hamamatsu kule Japani, baba yake mhunzi ambaye baadae akawa anatengeneza baiskeli.

Kuna kisa chake cha shule, kishikeni vizuri maana ntakirudia. Ripoti ya mwanafunzi ilikua inapelekwa nyumbani mzazi anaigonga mhuri wa familia kuonyesha kaiona, kwa Wajapani mhuri ndio sahihi yenyewe. Sasa huyu mtoto maksi zake mbaya, akachukua mpira wa pedali ya baiskeli akachonga mhuri wa kwao, akagonga, ikapita! Wenzake wakaja na sisi tuchongee, akawachongea, hapo ndo akakamatwa. Hakujua kama herufi za mhuri zinachongwa kinyume, yaani kama unavyoziona kwenye kioo. Jina la Honda kwa maandishi yao ukiliandika kwa kushuka chini, upande wa kulia na wa kushoto unafanana, kwa hiyo lake lilitoka sawa, ya wenzake yakatoka yamegeuka.

Mkono wa fundi alikua nao tangu hapo. Miaka 15 akaenda Tokyo kwenye gereji moja inaitwa Art Shokai, akijua anaenda kushika spana, akapewa kwanza mtoto wa bosi amlee, akavumilia, akajifunza, 1928 akarudi Hamamatsu kufungua tawi. Baadae akaingia kwenye ringi za pistoni, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni ndani ya injini. Nyie mafundi mnajua ringi mbovu inavyofanya, injini inakula oil, moshi wa bluu nyuma. Alichagua ringi 50 akawapelekea Toyota wazipime, zilizofaulu ni 3. Tatu jamani, na hizo 50 ndio alizozichagua mwenyewe akiamini ndo nzuri. Na kabla ya hapo alishaenda kusoma elimu ya vyuma akiwa mtu mzima ana mke, anakaa darasani na vijana wadogo, na bado akaendelea kujifunza mpaka zikakubali. Halafu vita, mabomu, na Januari 1945 tetemeko likakilaza kiwanda chake cha ringi, akauza kilichobaki kwa Toyota, yen 450,000.

1946 Japani ipo chini, treni zimejaa watu mpaka milangoni, petroli ya mgao. Mzee akapata vijinjini vya jenereta zilizokua za redio za jeshi, kama 500 hivi, akaanza kuvifunga kwenye baiskeli, na mmoja wa watu wa kwanza kuijaribu barabarani ni mke wake, Sachi. Injini zikaisha, akaunda ya kwake, 1948 akafungua kampuni.

Sasa hadithi nyingi za watu waliofanikiwa zinaishia hapa, fundi mwenye kipaji, kaanguka kainuka, pigeni makofi. Mimi sikubali, kwa sababu nimewahi kuwa na duka la spea na rafiki yangu, yeye fundi wa kweli, mimi nauza, na tulikufa tukiwa na wateja wamejaa mlangoni. Wateja wanachukua mali kauli hawarudi, yeye anataka kushika funguo za droo, na mimi nataka nizishike, ikifika jioni tunahesabu hela tunaangaliana, mpaka urafiki wenyewe ukaisha. Inaniuma mpaka leo. Ndo maana mwaka 1949 wa Honda mi nimeusoma tena na tena, kwa sababu shida yake ilikua ile ile, pikipiki anatengeneza nzuri, wauzaji wanachukua, hela hairudi.

Mwaka huo akakutanishwa na mtu anaitwa Takeo Fujisawa, alikua muuzaji wa vyuma, baada ya vita akawa kwenye mbao. Wakaongea, Honda akamwambia mimi ufundi wewe hela. Na hakuishia kwenye maneno, alimkabidhi mhuri wa kampuni. Ule mhuri! Mtu akiwa na mhuri huo anaweza kukuuza wewe na kiwanda na nyumba. Na inaelezwa kwamba Honda hakuushika tena mpaka anastaafu, na Fujisawa na yeye hakuingilia michoro ya injini.

Angalieni sasa kazi ya mwenye mhuri. 1952 Honda katengeneza injini ndogo ya kufunga kwenye baiskeli, tangi jeupe injini nyekundu, Cub wakaiita. Maduka ya pikipiki hayakuwepo ya kutosha. Fujisawa akaandika barua kwa maduka ya baiskeli Japani nzima, zaidi ya 50,000, akawaambia wazee wenu walithubutu kuuza baiskeli zilipokua kitu kigeni, sasa hivi wateja wanataka injini, nyie mnasemaje? Yakajibu zaidi ya 30,000, yakaja kuwa mawakala kama 13,000. Na masharti yake hela mbele! Hapo mali kauli ikafa.

1958 ikaja Super Cub, na hii ni ya wote wawili. Fujisawa ndo aliyeisumbukia, anataka pikipiki ambayo kijana wa mgahawa anaendesha kwa mkono mmoja, mkono mwingine kabeba trei la bakuli za tambi, kwa hiyo lazima klachi ya kubana kwa mkono iondoke. Honda akarudi kwenye michoro akaleta klachi inayojikamata yenyewe, injini cc 50, mbele kinga ya plastiki tope lisikurukie miguuni. Fujisawa alipoona mfano wake akasema hii tutauza 30,000, watu wakadhani kwa mwaka, akasema kwa mwezi, na soko lote la pikipiki Japani kwa mwezi halikufika huko. Kufika 2017 zilishatengenezwa milioni 100.

Wasije wakawadanganya kwamba hawakugombana. Mwisho wa miaka ya 60 Honda aling'ang'ania injini za magari zipozwe na upepo, hataki kusikia rejeta ya maji ya kupoza, vijana wa maabara wanasema kwa sheria za moshi zinazokuja hatutoboi bila maji, hasikii. Wakamwendea Fujisawa. Fujisawa akamuuliza swali moja tu, wewe ni mkurugenzi au ni fundi, chagua. Mzee akakaa kimya, kisha akasema mi nadhani nibaki mkurugenzi, basi waache vijana watumie maji. Mi nikifika hapo huwa nasimama kidogo, maana fundi kama yule kuachia injini ni kama kumwomba mama aachie jiko lake.

1973 wakastaafu siku moja, na hakuna aliyemwachia mwanae kiti. Honda akaanza kuzunguka viwanda na matawi yote kama 700 kuwashukuru wafanyakazi mmoja mmoja kwa kuwapa mkono. Sehemu moja fundi akaona mkono wake una oil akaurudisha nyuma akafute, mzee akamzuia, akaushika hivyo hivyo, akasema anaipenda harufu hiyo.

Fujisawa akafariki Desemba 1988. Mwaka uliofuata Wamarekani wakamwingiza Honda kwenye jumba lao la heshima la watu wa magari, Mjapani wa kwanza, wakamvalisha medali. Aliporudi Japani akaenda nyumbani kwa Fujisawa, akaiweka ile medali mbele ya altare ya familia wanapomkumbukia marehemu, akamwambia hii si yangu peke yangu, tumepewa wawili.