Nani Ana Haki ya Kuiona Taifa Stars?

Habari za jioni, ndugu zangu. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni.

Naanza na nyinyi wazee, kwa sababu mna kumbukumbu ambayo wengi wetu tumesimuliwa tu. Mwaka 1979, Ndola, Zambia. Taifa Stars, timu ya taifa letu la Tanzania, ilikuwa imeshinda 1-0 hapa nyumbani, kwa hiyo sare ingetosha. Zambia wakatangulia, Peter Tino akasawazisha, na nchi hii ikaenda Lagos kwenye Fainali za Mataifa ya Afrika za 1980 kwa mara ya kwanza. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu 1973, tena ya rangi. Sisi wa bara tulisubiri hadi 1994. Kwa hiyo goli la Tino, kwa walio wengi, lilikuwa sauti. Uliponunua redio na betri, umemaliza. Hakuna aliyekuuliza kama umelipia mwezi huu.

Sasa twende Juni 2019. Miaka 39 imepita tangu Lagos, Stars imerudi kwenye fainali, safari hii Misri. Usiku wa mechi na Kenya nilikuwa kijijini kwa mama, kusini huko. Mawimbi ya minara inayobeba chaneli za bure hayafiki pale. Ukitaka picha, lazima dishi. Na dishi linataka kifurushi. Nililipia alasiri kwa simu. Pesa ikakatwa, ujumbe wa shukrani ukaja, picha haikuja. Nikapiga simu mpaka salio likaisha. Nikatoka mbio kwenda kibanda umiza, kile cha kuonyeshea mpira kwa kiingilio, shilingi 500 mlangoni, nikakuta Simon Msuva ameshafunga. Olunga wa Kenya akasawazisha, na kabla hatujakaa vizuri Samatta akatupeleka mbele tena, 2-1. Jamani, kelele za pale! Kipindi cha pili jenereta likaishiwa mafuta. Magoli mawili ya mwisho ya Kenya niliyasikia gizani, kwenye redio ya mlinzi wa ghala la jirani. Tukafungwa 3-2.

Nilirudi nyumbani nikiwaza watoto waliokuwa wamesimama nje ya kile kibanda wakichungulia kwenye tundu za mabati kwa sababu hawakuwa na 500. Wale ni Watanzania, na iliyokuwa ikicheza ni timu yao. Nimelibeba jambo hilo tangu usiku ule, na ndilo limenileta hapa jioni hii.

Haki za matangazo ni nini? Ni ruhusa ya kuingiza kamera uwanjani na kuuza picha zinazotoka humo. Mwenye mashindano ndiye mwenye ruhusa. Fainali za Afrika ni za CAF, shirikisho la soka la Afrika; Kombe la Dunia ni la FIFA; ligi yetu ni ya TFF, shirikisho la soka la hapa Tanzania. Mwenye mali humuuzia wakala au kituo kikubwa, naye huikata vipande: nchi hii na nchi ile, lugha hii na lugha ile, satelaiti mbali, intaneti mbali. Kila mkono inaopitia unaongeza chake, na mtu wa mwisho kwenye mnyororo ni wewe mwenye rimoti.

Mnyororo huo ukikorogeka juu, huku chini tunakaa gizani. CAF iliingia mkataba na kampuni ya Kifaransa ya Lagardère wa miaka 12, kuanzia 2017 hadi 2028, thamani yake dola bilioni 1. Mwaka 2019 CAF ikauvunja. Ilipokaribia michuano iliyochezwa Ivory Coast Januari 2024, haki za sehemu kubwa ya Afrika zilikuwa mikononi mwa New World TV ya Togo. SuperSport, chaneli za michezo za DStv zilizozoeleka na mamilioni ya watazamaji, ikatangaza kwamba haitaonyesha. Makubaliano yalipatikana zikiwa zimebaki siku za kuhesabu. Fikiria mtu aliyelipia kifurushi chake miezi yote hiyo akingoja fainali.

Sikuja hapa kuyasema vibaya makampuni ya kulipia, na mnisikilize vizuri katika hili. Mei 2021 Azam, kampuni yetu ya televisheni ya kulipia, na TFF walisaini mkataba wa ligi kuu wa miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Mnaofuatilia mpira mnajua fedha hiyo ilibadilisha nini: klabu ya mkoani inayojua mwezi huu itapata kiasi gani, mchezaji anayelipwa, kamera zinazofika viwanja ambavyo zamani tulivijua kwa majina tu. Jirani zetu Kenya walionja upande wa pili. SuperSport ilipoiacha ligi yao mwaka 2017, klabu zilibaki zikitafuta hata nauli. Mpira wa klabu ni biashara, na biashara inahitaji mteja anayelipa. Nalipia ligi, na sinung'uniki.

Lakini timu ya taifa haikuzalishwa na kampuni. FIFA inazilazimisha klabu kumwachia mchezaji aende kuitumikia nchi yake, na klabu haiwezi kudai ada kwa kumwachia. Uwanja wa Mkapa, wenye viti 60,000, umejengwa kwa msaada wa China na fedha za walipa kodi wa nchi hii, yule mama muuza vitumbua akiwemo. Stars ilipoifunga Uganda 3-0 Machi 2019 na kufuzu, wachezaji waliitwa Ikulu wakapewa viwanja Dodoma, ardhi ya umma, na hakuna mtu aliyeona ajabu. Jezi ina bendera. Wimbo unaopigwa ni wa taifa. Kila kilichoifanya mechi ile iwe na thamani sokoni kimechangiwa na watu wote, halafu kuitazama kunageuka bidhaa ya wenye kifurushi. Hapo mimi nakataa.

Wapo watakaosema tukitaka bure tutaua soko. Nawapeleka India, kwa sababu wao walilifikiria jambo hili kwa undani kuliko wengi. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ya India, katika kesi ya matangazo ya kriketi, ilisema mawimbi ya hewani ni mali ya umma. Mwaka 2007 bunge likatunga sheria: mwenye haki za mechi yenye uzito kwa taifa lazima aligawie shirika la utangazaji la umma, Prasar Bharati, picha zile zile mubashara. Hanyang'anywi. Mapato ya matangazo ya biashara yanayopatikana kwa picha hizo kwenye televisheni yanagawanywa, robo tatu kwa mwenye haki, robo moja kwa shirika. Aliyenunua anaendelea kuuza vifurushi vyake kwa anayetaka picha kali na uchambuzi, na mkulima aliye mbali anaona mechi. Soko halikufa. Haki za kriketi za India leo ni miongoni mwa ghali zaidi duniani.

Uingereza wana orodha ndani ya sheria, ya mashindano ambayo watu wote wanapaswa kuweza kuyaona. Fainali za Kombe la Dunia zimo, na haki zake lazima zipatikane kwa bei ya haki kwa vituo ambavyo karibu kila mtu anavipata. FIFA na UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, walikwenda mahakamani Ulaya kuipinga orodha hiyo. Julai 2013 wakashindwa. Ndiyo maana ninaposikia mtu akisema FIFA haitakubali, namwambia walishakataa, wakashindwa. Ila hata orodha hiyo ina tundu. Mechi za kufuzu hazimo. Oktoba 2009 England walikwenda kucheza na Ukraine, kituo kilichokuwa na haki za mechi hiyo ya ugenini, Setanta, kilikuwa kimefilisika miezi michache nyuma, na mechi ikaonekana mubashara kwenye intaneti badala ya televisheni, kwa kulipia, kuanzia pauni 4.99 hadi 11.99. Nchi iliyotunga mchezo wenyewe! Somo kwetu hapo ni kubwa, kwa sababu sisi furaha zetu nyingi zinapatikana kwenye kufuzu. Sare ya Ndola ilikuwa ya kufuzu. Sare ya 0-0 kule Algeria, Septemba 2023, iliyotupeleka Ivory Coast, ilikuwa ya kufuzu, tena ugenini. Orodha yenye fainali peke yake itatuacha nje siku tunazozihitaji zaidi.

Muulizeni shabiki yeyote mtakayekutana naye mkitoka hapa: mechi ipi ya Stars una haki ya kuiona bila kulipia, na kwenye chaneli gani? Mimi nimewauliza wengi, madereva wa bodaboda, walimu, wauza samaki, na sijapata mmoja aliyenijibu bila kusita. Haki ambayo mwenyewe haijui hawezi kuidai.

Halafu kuna njia. Chaneli kuwa ya bure ni jambo moja, kukufikia ni jingine. Dar es Salaam ilizima analojia usiku wa Desemba 31, 2012, tukiwa mbele ya wenzetu wa Afrika Mashariki, na tangu hapo televisheni ya zamani haioni kitu bila king'amuzi. Agosti 2018 chaneli za bure za ndani ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya Azam, DStv na Zuku, kwa sababu leseni zao zilikuwa za chaneli za kulipia. Kisheria TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, walikuwa na hoja. Lakini sebuleni ilimaanisha mtu mwenye dishi juu ya bati anunue king'amuzi cha pili ili aone chaneli ambayo inaitwa ya bure. Mahali ambapo mnara haufiki, hata hicho cha pili hakimsaidii. Kwa hiyo orodha ya mechi iandikwe pamoja na njia zake: minara, satelaiti bila kufungwa, simu. Na redio, wazee wangu, sijaisahau. Redio ndiyo iliyoniokoa usiku ule, na haki zake nazo sasa zinauzwa.

Na kwenye orodha hiyo Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, wawemo tangu siku ya kwanza. Walicheza fainali za Afrika mwaka 2010, kisha wakasubiri hadi zile zilizochezwa Morocco Julai 2025. Mechi zao mara nyingi hazifichwi na bei. Zinafichwa na kukosa mnunuzi, na mnunuzi hajitokezi kwa sababu hazijaonekana. Binti wa miaka 12 anayepiga danadana uani apate wa kumwiga.

Namalizia na linalokuja. Agosti 2025 tulipokea CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, pamoja na Kenya na Uganda, na tumepewa pamoja nao kuandaa Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027. Wengi wanaamini kwamba kwa kuwa mechi itachezwa hapa, picha ni zetu. Hapana. Nyasi ni zetu, umeme ni wetu, polisi barabarani ni wetu; picha ni za CAF, na CAF itamuuzia atakayekubaliana nayo. Bila kifungu kinachosema mechi za wenyeji zionekane bure katika nchi za wenyeji, mtu wa Temeke, jirani na Uwanja wa Mkapa, atalala kitandani kwake akisikia sauti ya uwanja mzima ikipita dirishani, na hatajua nani amefunga mpaka apigiwe simu. Kifungu hicho kinaandikwa kabla ya kusaini. Wizara na TFF wanafikika, na wabunge wetu wana siku za kuuliza maswali. Mimi barua yangu nimeshaipeleka, na nakala zake ziko pale mezani karibu na mlango kwa anayetaka kuandika ya kwake.