Koyote wa Chicago: Usimlishe, Usimkimbie

Hamjambo ndugu zangu. Leo tumzungumzie koyote, huyu anayefanana na bweha wa kwetu, mnayemwona kwenye video akikatiza mitaa ya Chicago usiku. Wazazi wanaokuja kuwatembelea watoto wao huku, sikilizeni vizuri.

Kwanza, mjini hapa ana kazi. Tangu mwaka 2000, watafiti wakiongozwa na Stanley Gehrt wamekuwa wakiwavisha koyote wa Kaunti ya Cook, ulipo mji wa Chicago, kola za redio ili kufuatilia wanakokwenda. Chakula chao kikubwa ni panya wa porini, sungura, matunda na watoto wa kulungu. Huvamia pia viota vya mabata bukini na kula mayai, na bila hivyo bustani zingejaa mabata kupita kiasi. Kule San Diego, California, utafiti wa Crooks na Soulé wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba koyote wakitoweka, paka huongezeka na ndege wa vichakani, wanaoliwa na paka hao, hupungua.

Wapo wanaosema wauawe tu. Haisaidii. Dume na jike wana eneo lao na huwafukuza koyote wageni. Ukiwaondoa, vijana wanaotafuta makazi huja kulijaza. Sumu ya panya ndiyo mbaya zaidi, maana koyote hula panya aliyekwisha kula sumu, naye akadhurika.

Hatari huanza kwenye chakula. Koyote akilishwa, humzoea mtu, kisha huanza kumsogelea. Kwa hiyo pipa la taka litoke asubuhi ya siku ya kuzolewa, si usiku wa kuamkia. Chakula cha mbwa kikae ndani. Okota matunda yaliyoanguka, na zoa punje zilizomwagika chini ya kilishio cha ndege, kwa sababu zinaita panya, na panya wanamwita koyote.

Mbwa mdogo asiachwe uani peke yake, hasa magharibi na alfajiri. Matembezini tumia kamba fupi ya mita 1.8; ile inayojivuta na kurefuka humpeleka mbwa mbali nawe. Uzio uwe na kimo cha mita 1.8 au zaidi, juu uwe na bomba linalozunguka ili akose pa kushika, na chini wavu uzikwe sentimita 30 ukikunjwa kuelekea nje, maana anachimba.

Mkikutana naye, usikimbie wala usimpe mgongo. Mbebe mbwa wako, inua mikono, piga kelele, tikisa kopo lenye sarafu. Akisimama kukutazama, endelea mpaka aondoke kabisa. Ukiacha katikati, anajifunza kwamba kelele zako hazina madhara. Mwachie njia ya kutokea.

Ila kuanzia Aprili hadi kiangazi wana watoto. Koyote akikufuata taratibu bila kukaribia, mara nyingi anakusindikiza utoke karibu na pango lake. Hapo usimtishe. Rudi kinyumenyume polepole huku ukimtazama, na kwa wiki kadhaa mpitishe mbwa wako njia nyingine.